Kutayarisha Helikopta ya Mfano katika Kiigizi cha Urukaji

UTANGULIZI

Helikopta ya mfano ni helikopta ndogo isiyobeba mtu, inayoongozwa kutoka ardhini kwa mawimbi ya redio. Kwa umbo hufanana na kitu cha kuchezea, lakini kwa tabia ni mashine kamili. Sheria za fizikia zinazoitawala helikopta kubwa huitawala na hii ndogo, bila msamaha. Kwa hiyo ni chombo kizuri cha kujifunzia mekanika, na kwa sababu hiyo hiyo ni chombo cha hatari mikononi mwa mtu asiyekielewa.

Ukubwa wa hatari hiyo unaweza kukadiriwa kwa hesabu ndogo. Chukua helikopta ya umeme yenye tungamo la kilo 0.8, ambayo mapanga yake huchora duara la kipenyo cha mita 0.70 na kuzunguka mara 2,400 kwa dakika, yaani mara 40 kwa sekunde. Mzingo wa duara hilo ni 3.14 × 0.70 = mita 2.2. Basi ncha ya kila panga husafiri 2.2 × 40 = mita 88 kwa sekunde, mwendo unaozidi kilomita 300 kwa saa. Ikiwa panga lina tungamo la gramu 30 na kitovu chake cha uzito kiko mita 0.18 kutoka kwenye mhimili, kani inayolivuta kutoka katikati ni karibu nyutoni 340, sawa na uzito wa gunia la kilo 35. Mwaka 2013, mjini New York, kijana aliyekuwa na uzoefu mkubwa wa mchezo huu alifariki baada ya kupigwa na helikopta yake mwenyewe.

Je, mwanafunzi atajifunzaje kuongoza chombo cha namna hii ilhali kujifunza hakukosi makosa? Jibu limepatikana katika kiigizi cha urukaji, yaani programu ya kompyuta inayoigiza mwendo wa chombo cha angani. Mwanafunzi hushika transmita ile ile ya mkononi, na helikopta huruka katika kioo cha kompyuta. Ikianguka, hurudishwa mahali pake kwa kubonyeza kitufe.

Wazo hili si geni. Mwaka 1929 Mmarekani Edwin Link alitengeneza mashine ya kuwafundishia marubani ardhini, akatumia mivukuto ya hewa iliyofanana na ile aliyoizoea katika kiwanda cha vinanda cha baba yake. Mwaka 1934 jeshi la Marekani lilipewa kazi ya kupeleka barua kwa ndege, na marubani kadhaa wakafa katika hali mbaya ya hewa. Ndipo jeshi hilo liliponunua mashine za Link. Tangu mwanzo, basi, lengo la kiigizi limekuwa kulipia kosa kwa bei ndogo.

Lakini kiigizi hakijui helikopta ni kitu gani. Kinajua namba tu. Namba zikiwa sahihi, mkono hujifunza ukweli. Zikiwa na kosa, mkono hujifunza kosa, na gharama yake hulipwa uwanjani. Kwa hiyo kuitayarisha helikopta ndani ya kiigizi ni somo lenyewe, na kila namba inayoandikwa ina maana yake katika fizikia.

I. KANI ZINAZOTENDA KATIKA HELIKOPTA

Helikopta ya kawaida ina rafadha mbili. Rafadha kuu, iliyo juu, husukuma hewa chini, nayo hewa huisukuma helikopta juu. Hii ndiyo Sheria ya Tatu ya Newton. Kani ya kuinua ikilingana na uzito, helikopta husimama hewani.

Mota inapozungusha rafadha kuu upande mmoja, kiwiliwili cha helikopta hutaka kuzunguka upande wa pili, kwa sheria ile ile. Rafadha ndogo ya mkia husukuma hewa kando ili kuzuia mzunguko huo. Mpango wa rafadha kuu moja na ndogo ya mkia ulithibitishwa na Igor Sikorsky, ambaye helikopta yake ya VS-300 iliinuka kwa mara ya kwanza tarehe 14 Septemba 1939 huko Stratford, Marekani, ikiwa imefungwa kamba. Katika helikopta za mfano, mhandisi Mjerumani Dieter Schlüter ndiye aliyeonyesha, kuelekea mwaka 1970, kwamba chombo kidogo cha namna hii kinaweza kuongozwa vema kwa redio.

Mrushaji huongoza mambo manne:

1. Pembe ya mapanga yote kwa pamoja, ili kupanda au kushuka.
2. Kuinamisha rafadha kuu mbele au nyuma.
3. Kuinamisha rafadha kuu kushoto au kulia.
4. Pembe ya mapanga ya mkia, ili kuelekeza pua ya helikopta.

Izingatiwe kwamba helikopta hizi kwa kawaida hazipandi kwa kuongeza kasi ya mzunguko. Kasi hubaki karibu ile ile. Kinachobadilika ni pembe ya mapanga. Chini ya rafadha kuu kuna sahani inayoweza kupanda, kushuka na kuinama. Sahani ikipanda au kushuka, mapanga yote hubadili pembe kwa kiasi kimoja. Ikiinama, kila panga hubadili pembe yake kadiri linavyozunguka, na kani ya kuinua huelekea upande mmoja.

II. KIIGIZI HUFANYAJE KAZI?

Kiigizi huugawa wakati katika vipande vidogo sana. Katika kila kipande kompyuta hujumlisha kani zote, hugawanya kwa tungamo ili kupata mchapuko, hutumia mchapuko kupata mwendo mpya, na mwendo kupata mahali papya. Kisha huanza tena. Kazi hiyo inaweza kufanywa hata kwa kalamu na karatasi, katika shule isiyo na kompyuta.

Tuseme helikopta iliyosimama hewani imeinamishwa nyuzi 5 mbele, na urefu wake kutoka ardhini haubadiliki. Mchapuko wake wa kwenda mbele ni 9.8 × tan 5°, yaani mita 0.86 kwa sekunde kwa sekunde. Baada ya sekunde 3, ukizani wa hewa ukiachwa kando, mwendo wake utakuwa mita 2.6 kwa sekunde, na itakuwa imesafiri ½ × 0.86 × 9 = mita 3.9.

Sasa hesabu ifanywe kwa njia ya kompyuta. Wakati ugawanywe katika vipande vya sekunde 1, na katika kila kipande utumike mwendo wa mwanzo wa kipande hicho. Umbali utakuwa 0 + 0.86 + 1.72 = mita 2.6, pungufu mno. Kwa vipande vya nusu sekunde, jumla huwa mita 3.2. Vipande vikizidi kuwa vidogo, jibu huzidi kuukaribia ukweli wa mita 3.9. Hii ndiyo sababu kompyuta dhaifu isiyoweza kukimbia na hesabu huonyesha helikopta inayorukaruka na kuchelewa kuitika.

Mfano huu una somo la pili, lenye uzito zaidi. Baada ya sekunde 3 mrushaji akiinyoosha helikopta ikawa wima, haitasimama. Itaendelea kwa mwendo wa mita 2.6 kwa sekunde, kama isemavyo Sheria ya Kwanza ya Newton, hadi iinamishwe nyuma au mpaka hewa iipunguze taratibu. Kijiti cha transmita hakileti mahali, wala hakileti mwendo. Huleta mwinamo, na mwinamo huleta mchapuko. Mwanafunzi asiyeelewa jambo hili atakimbizana na helikopta yake bila kuikamata.

III. HATUA ZA KUTAYARISHA

Hatua ya kwanza: Kuunganisha transmita. Transmita huunganishwa na kompyuta kwa waya, au kwa kipokezi kidogo kinachochomekwa. Chagua katika transmita kumbukumbu mpya isiyo na marekebisho yoyote. Hapa ndipo wengi hukosea. Katika helikopta halisi, transmita au kifaa cha uimarishaji ndicho kinachochanganya amri na kuzigawa kwa mota ndogo tatu zinazoisogeza sahani. Katika kiigizi, mchanganyo huo hufanywa na programu. Transmita nayo ikichanganya, amri huchanganywa mara mbili, kama mchuzi uliotiwa chumvi na wapishi wawili: kijiti cha kupanda kikisukumwa, helikopta hulala ubavu. Transmita ipeleke amri nne zilizo safi, na kazi nyingine iachiwe programu.

Hatua ya pili: Kulinganisha vipimo. Programu humtaka mrushaji aweke vijiti katikati, kisha avisogeze hadi mwisho wa kila upande. Ivisogeze mikono polepole, bila kukandamiza. Baada ya hapo kijiti kilicho katikati kisomeke 0, na miisho yake isomeke −100 na +100. Kikisomeka 4 kikiwa katikati, helikopta itasogea upande mmoja daima, na mwanafunzi atajizoeza kusahihisha kosa lisilokuwemo katika chombo.

Hatua ya tatu: Kugawa amri na kukagua mwelekeo. Mpango unaotumika sana huitwa mpango wa 2: mkono wa kushoto huongoza kupanda na mkia, mkono wa kulia huongoza mwinamo wa mbele na nyuma, na wa kushoto na kulia. Katika mpango wa 1, amri ya kupanda na ile ya mwinamo wa mbele na nyuma hubadilishana mikono. Mwanafunzi achague mpango wa mtu atakayemsimamia uwanjani, wala asiubadili. Kisha, helikopta ikiwa chini, kila amri ijaribiwe peke yake. Kijiti kikisukumwa mbele, sahani iiname mbele. Kikisukumwa kulia, iiname kulia. Amri ya kupanda ikiongezwa, sahani na pembe za mapanga zibadilike pamoja bila kuinama. Kijiti cha mkia kikisukumwa kulia, pua ielekee kulia.

Hatua ya nne: Pembe za mapanga na kasi ya rafadha. Katika grafu ya pembe, mhimili wa mlalo ni mahali pa kijiti na mhimili wa wima ni nyuzi za panga. Kwa mwanafunzi wa kwanza namba hizi ni mwanzo mzuri:

Kijiti 0 — pembe −2°
Kijiti 25 — pembe +1.5°
Kijiti 50 — pembe +5°
Kijiti 75 — pembe +7.5°
Kijiti 100 — pembe +10°

Nia ni helikopta isimame hewani kijiti kikiwa karibu na katikati. Ikiwa hapo inapanda, pembe ya katikati ipunguzwe kidogo. Ikiwa inashuka, iongezwe. Pembe hasi ya chini huiwezesha helikopta kushuka hata upepo unapoiinua. Kasi ya rafadha iachiwe kidhibiti mwendo, ambacho huongeza nguvu ya mota mapanga yanapopata mzigo na kuipunguza mzigo unapotoka.

Baadhi ya programu huruhusu kubadili urefu wa uwanja kutoka usawa wa bahari. Jijini Nairobi, palipo zaidi ya mita 1,600 juu ya bahari, hewa ni nyepesi kuliko ya Mombasa kwa takriban asilimia 15. Kwa pembe na kasi ile ile, kani ya kuinua hupungua kwa kiasi hicho hicho. Kwa kuwa kani hiyo hufuata mraba wa kasi, kuirudisha hutaka kasi iongezwe kwa asilimia 8 hivi, au pembe ya mapanga iongezwe.

Hatua ya tano: Jairo. Jairo ni kifaa kinachopima mzunguko wa mkia na kuusahihisha kabla mrushaji hajauona. Mkia ukisukumwa kulia na upepo, jairo huamuru usukumwe kushoto. Sahihisho la namna hii, linalokwenda kinyume cha kosa, huitwa mrejesho hasi. Kiwango chake kikiwa kidogo, mkia hupotea njia. Kikizidi, kila sahihisho hupita kiasi na mkia hutikisika haraka upande huu na upande huu. Basi kiwango kipandishwe kidogo kidogo mpaka mtikisiko uanze, kisha kirudishwe nyuma mpaka ukome. Helikopta nyingi za siku hizi zina jairo katika mihimili yote mitatu, na kila mmoja hurekebishwa kwa kanuni hiyo hiyo.

Hatua ya sita: Ukali wa vijiti. Mwanafunzi apunguze mwinamo wa juu kabisa hadi asilimia 60 au 70 ya kawaida, na alainishe sehemu ya katikati ya kijiti kwa asilimia 20 au 30, ili mwendo mdogo wa kidole ulete badiliko dogo. Ukali uongezwe ustadi unapokua.

Hatua ya saba: Swichi ya kukata mota. Swichi hii isimamishe mota mara moja, kijiti kikiwa popote. Katika kiigizi huonekana haina faida, kwani hakuna wa kuumia. Hata hivyo igawiwe mahali pale pale itakapokuwa siku ya uwanjani, na itumike katika kila anguko. Samaki mkunje angali mbichi: mkono uliozoea kuifikia swichi mara elfu mbele ya kompyuta utaifikia bila kufikiri siku ya hatari.

IV. MAZOEZI YA KWANZA

Helikopta iliyosimama hewani ni kama gololi juu ya bakuli lililofudikizwa. Iko katika msawazo, lakini msawazo usio imara: ikiegemea kidogo, haijirudishi yenyewe mahali ilipokuwa. Kwa hiyo kusimama hewani, jambo linaloonekana rahisi kwa mtazamaji, ndilo zoezi la kwanza na gumu.

Upepo wa kiigizi uwekwe 0. Ichaguliwe helikopta kubwa badala ya ndogo, maana helikopta kubwa ina inesha kubwa na huitika polepole. Mkia uelekee kwa mrushaji, na helikopta iinuliwe hadi mita 2. Ardhi iliyo chini yake ionekane katika kioo, la sivyo jicho halitakuwa na cha kupimia. Lengo ni kuiweka juu ya mraba wa mita 3 kwa mita 3 kwa sekunde 60. Kila jaribio liandikwe katika daftari: sekunde zilizopatikana, na upande ambao helikopta ilitorokea. Ikiwa karibu majaribio yote yanaishia upande mmoja, kosa huenda limo katika matayarisho wala si mkononi. Hatua ya pili irudiwe.

Zoezi hilo likiwezekana mara kumi mfululizo, helikopta igeuzwe ubavu, kwanza wa kushoto kisha wa kulia. Mwisho kabisa pua ielekee kwa mrushaji. Hapa kijiti kikisukumwa kulia, helikopta huonekana kwenda kushoto, kwa kuwa kulia kwake ni kushoto kwa anayeitazama. Hapo ndipo kiigizi kinapoonyesha faida yake kuu. Baadaye upepo wa mita 2 kwa sekunde uongezwe.

V. MIPAKA YA KIIGIZI

Kiigizi hakina skrubu inayolegea, betri iliyochoka, wala panga lenye ufa. Hakina mtoto anayekimbia kuvuka uwanja. Mwanafunzi aliyehitimu mbele ya kompyuta ameuzoeza mkono. Bado hajajifunza ukaguzi.

Kwa hiyo hatua zote saba hurudiwa katika helikopta halisi. Kuhusu jairo, mwelekeo wake ukaguliwe mota ikiwa imetenganishwa na umeme: mkia usogezwe kwa mkono, na mapanga yake yatazamwe kama yanageuka ili kuupinga mwendo huo. Jairo lililofungwa kinyume hugeuza mrejesho hasi kuwa chanya. Badala ya kupunguza kosa huliongeza, na helikopta huanza kuzunguka kwa nguvu mara inapoinuka. Mrushaji asimame mbali na chombo, watazamaji wawe nyuma yake, na kwa mara za kwanza awepo msimamizi mwenye uzoefu.

MUHTASARI

Kiigizi ni hesabu za Newton zinazorudiwa upesi sana. Hurudisha kwa uaminifu kile kilichoandikwa ndani yake, kizuri au kibaya. Transmita ipeleke amri safi. Vijiti visomeke 0 katikati. Kila mwelekeo ukaguliwe. Pembe, kasi na jairo virekebishwe kimoja kimoja, na kila badiliko liandikwe. Anayejua kwa nini namba fulani imeandikwa atajua pia la kufanya siku ambayo helikopta yenyewe, iliyo mbele yake juu ya nyasi, itakataa kutii.

MASWALI

1. Rafadha yenye kipenyo cha mita 1.2 huzunguka mara 1,800 kwa dakika. Tafuta mwendo wa ncha ya panga.

2. Rudia hesabu ya sehemu ya II kwa vipande vya robo sekunde. Umbali uliopatikana umepungukiwa na mita ngapi ukilinganishwa na 3.9?

3. Helikopta inakwenda mbele kwa mita 2.6 kwa sekunde. Ikiinamishwa nyuma nyuzi 5, itachukua muda gani kusimama, ukizani wa hewa ukiachwa? Je, mrushaji afanye nini wakati huo ukitimia?

4. Eleza kwa nini kijiti kisichosomeka 0 kinapokuwa katikati humdhuru mwanafunzi hata kama anaweza kuisimamisha helikopta hewani.

5. Toa mfano mmoja wa mrejesho hasi katika mwili wa binadamu, na ueleze lingetokea nini kama ungegeuka kuwa chanya.